Funga ya Nusu Siku

Uislamu ulifika pande zetu za Kagera katika karne ya 19, pamoja na misafara ya biashara iliyofika Karagwe. Ulikuja na utaratibu wake wa malezi: mtoto hawajibiki kufunga kabla ya kubalehe. Hujizoeza tu, leo hadi adhuhuri, kesho hadi alasiri, mwisho hadi magharibi.

Hapa Bumbire, karibu na Ikweta, funga ni ya saa 13 na kitu mwaka wote. London, Juni, hupita saa 17. Lakini kisiwani mtihani ni mwingine. Mtoto huenda peke yake kuchota maji ziwani, wala hakuna amwonaye. Nikiwa mwalimu nilijifunza hili: mtoto aliyezoezwa taratibu hurudi na kiu yake, aliyelazimishwa hunywa kwa siri.