Risasi, Fataki na Ganda: Historia Fupi ya Istilahi za Kusafisha na Kuchambua Maganda ya Shaba

Utangulizi

Neno risasi tumelipata katika Kiarabu. Maana yake ya asili ni ile madini laini na nzito ambayo wavuvi huitumia kutengenezea chubwi za nyavu. Kwa kuwa vidonge vya bunduki vilisubiwa kwa madini hiyo, navyo vikaitwa risasi. Baadaye jina hilo likapewa kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki ya kisasa, na siku hizi hata ganda tupu lililookotwa njiani huweza kuitwa hivyo. Neno moja, basi, limebebeshwa mizigo minne. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya ukanda wa Ziwa Viktoria na nchi yetu kwa jumla, kwamba Kiswahili hakikukosa majina ya sehemu hizo. Kilichotokea ni kwamba majina hayo yamemezwa.

Zama za gumegume na gobore

Bunduki zilifika nchi za ziwani katika karne ya 19 kwa misafara iliyotoka pwani kupitia Unyamwezi. Mfanyabiashara Charles Stokes, aliyenyongwa huko Kongo mwaka 1895 kwa shutuma za kuuza silaha, alikuwa miongoni mwa waliozipitisha katika maji ya Ziwa. Pamoja na bunduki yalifika maneno yake: baruti, fataki, mtutu, mdeki, na kitenzi kushindilia.

Katika gobore kila kitu kilitiwa peke yake. Mwenye bunduki alimimina baruti kwa kipimo, akaishindilia kwa mdeki, akatia risasi au goroli, kisha akaiweka fataki mahali pake. Kwa hiyo hakuweza kuchanganya majina, maana mkono wake ulivishika vitu hivyo kimoja baada ya kingine. Kamusi za zamani zimeliandika pia neno kiasi kwa maana ya baruti na risasi zinazotosha mlio mmoja. Neno hilo lilikuwa zuri, kwani lilieleza hasa jambo lenyewe: kipimo kilichokwisha kupimwa.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Yaelekea hapo ndipo msamiati wetu ulipogawanyika. Vijijini yalibaki maneno ya gobore. Ganda la shaba likawa kitu cha kambini.

Shaba kabla ya ganda

Shaba yenyewe haikuwa ngeni Usukumani. Misafara ilileta masango, yaani nyaya nene za shaba, na mafundi wakazikunja kuwa bangili. Lakini Kiswahili cha kila siku hakitofautishi sana shaba nyekundu, ambayo ni madini safi, na shaba njano, ambayo ni mchanganyiko. Ganda la risasi aghalabu hufanywa kwa shaba njano yenye sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Mchanganyiko huo hupanuka wakati wa mlio ukaziba moshi usirudi nyuma, kisha ukanywea kidogo ili ganda litoke. Kwa sababu hiyo ganda laweza kusafishwa, kurudishwa umbo lake na kujazwa tena.

Mwaka 1915

Ushahidi mkubwa wa kazi hiyo katika nchi yetu ni wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikashambuliwa na manowari ya Kiingereza na kuzama mahali pasipo na kina kirefu. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimekwisha kuingia maji ya chumvi. Jemadari von Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba ilibidi zifumuliwe zote, baruti isafishwe, na baadhi zitiwe fataki mpya. Kwa muda wa miezi kadhaa askari wa Moshi waliifanya kazi hiyo tangu asubuhi hadi jioni. Zile ambazo katika kila 100 kama 20 hazikulia zilipelekwa vitani. Zilizokuwa mbaya zaidi zilitumiwa kwa mazoezi.

Uhaba huo ulikuwa mzito zaidi upande wa Ziwa. Bukoba ilishambuliwa Juni 1915, na Mwanza ikatwaliwa na Waingereza Julai 1916. Reli ya kutoka Tabora haikufika Mwanza mpaka mwaka 1928. Kwa hiyo wakati wa vita mizigo ya nchi kavu ilitegemea vichwa vya wapagazi. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya maafisa na askari wao. Mtu anayefumua risasi kutwa nzima hawezi kumwambia mwenzake, "Nipe risasi," akaeleweka. Ni lazima ataje ganda, fataki, baruti au kichwa.

Kazi na majina yake

Kazi ya kusafisha ina hatua ambazo lugha yetu yaweza kuzitaja bila kukopa. Kwanza ni kuchambua: maganda hupangwa kwa aina na ukubwa, na yale ya chuma hutolewa kwa sumaku, kwa kuwa shaba haivutwi. Watu wa Mwanza wanakijua kitenzi hiki katika vinu vya pamba, ambako nyuzi hutengwa na mbegu. Pili ni kung'oa fataki iliyokwisha kulia. Tatu ni kusugua: maganda huzungushwa katika pipa pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Nne ni kuchekecha, ili magunzi yaanguke chini na maganda yabaki juu ya chekeche. Mwisho ni kujaza upya. Hapa neno kushindilia lisitumike, kwani baruti ya ganda hupimwa na kumiminwa. Haipigwi kwa mdeki.

Asidi hafifu, kama ile ya ndimu au ukwaju ambayo mama zetu husafishia vyombo vya shaba, huondoa ukungu bila madhara makubwa ikisuuzwa vema. Amonia ni adui. Jeshi la Uingereza huko India liliona maganda yakipasuka yenyewe wakati wa masika yakiwekwa karibu na mazizi ya farasi. Mwaka 1921 wataalamu walieleza kwamba mvuke wa amonia ndio uliokuwa ukiipasua shaba iliyokazwa.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza faida ya kupambanua hivi. Sheria yetu ya mwaka 2015 inahusu silaha na risasi. Polisi akiandika kwamba mtu amekutwa na "risasi tano", hakimu ana haki ya kujua kama ni risasi nzima au maganda matupu. Tena, ganda lenye fataki isiyolia likichanganyika na vyuma chakavu na kutiwa katika tanuri la fundi, laweza kumtoa jicho. Fundi huyo aliyeambiwa kwamba "risasi hizi zimekwisha" hakuonywa.

Tunapendekeza, basi, matumizi yafuatayo: risasi kwa kitu kizima, ganda kwa mfuko wake wa shaba au chuma, fataki kwa kiwashio kilicho kitakoni, baruti kwa unga uwakao, na kichwa cha risasi kwa kile kirukacho. Neno fataki lahitaji kuangaliwa upesi, maana tangu kampeni ya redio ya miaka ya 2000 vijana wengi wanalijua kama jina la mtu mzima anayewarubuni wasichana. Maana ya zamani ingalipo katika taarifa za polisi kuhusu magobore, na ingefaa iandikwe wazi katika orodha za istilahi sanifu kabla haijafifia.