Sato analo, kambare hana

Huku Malimbe umeme ukikatika, hosteli tunategeana mafumbo ya maneno kuhusu tamthilia za upelelezi. Sherlock wanamtaja hata hujamaliza kutega. Juzi nikaja na langu: "Sato analo, kambare hana, mpelelezi kalifanya jina." Kimya! Nikadai mji, wakanipa Ukerewe. Jibu ni gamba. Willy Gamba wa Elvis Musiba, yule wa Kufa na Kupona, 1974.

Hakuna aliyemjua, jamani, na sisi ndio walimu watarajiwa!

Televisheni Bara imeanza 1994 (Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970). Kabla ya hapo mpelelezi alikuwa wa kusomwa. Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, Muhammed Said Abdulla alimleta katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo, 1965.

Wazungu nao upelelezi na fumbo wameviweka chungu kimoja. Colin Dexter wa Uingereza alikuwa bingwa wa chemshabongo za magazetini, na jina la Inspekta Morse alilitoa kwa mshindani mwenzake. Tamthilia yake ilioneshwa 1987 hadi 2000, na mtunzi wa muziki, Barrington Pheloung, alificha majina humo kwa nukta na vistari vya simu za zamani: mara la muuaji, mara la kuzugia tu. Watazamaji wakawa wanategua kwa masikio!

Mwenye nakala ya Simu ya Kifo anitonye, nitakuja kuifuata hata Igoma.