Wadudu wa vitalu vya michungwa (Kibaha na Kisarawe)

Katika vitalu vya michungwa, milimau na mindimu vya Kibaha na Kisarawe, mkoa wa Pwani, wadudu hufuata machipukizi machanga ya miche iliyo kwenye viriba.

Wadudu wakuu. Kiwavi mchimba-majani (*Phyllocnistis citrella*) huacha mkondo wa rangi ya fedha uliopindapinda, na jani hujikunja. Vidukari hueneza virusi vya tristeza. Mdudu mfyonzaji aitwaye *Diaphorina citri*, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4, hufyonza utomvu akiwa ameinua mkia. Hueneza bakteria wa ugonjwa wa ukijani, na huvumilia joto la pwani zaidi kuliko jamaa yake, *Trioza erytreae* wa nyanda za juu.

Usugu. Kiuatilifu kimoja kikirudiwarudiwa, wadudu wachache wanaonusurika huzaa kizazi sugu. Kubadili chapa pekee hakutoshi, kwani chupa mbili tofauti huweza kuwa na kiambato kilekile, kwa mfano imidacloprid. Kinachopaswa kubadilishwa ni kundi la utendaji wa dawa, yaani namna inavyoua wadudu.

Udhibiti. Hujumuisha kukagua machipukizi, kuzungushia wavu, kuchoma miche iliyoathirika na kubebesha vikonyo vya miti mama yenye afya. Usajili wa viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.