Miti ya Laertes

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, nilikaa miezi minane bila kuwaambia watu wa nyumbani. Krismasi nikapanda matatu hadi ushago. Mzee akauliza masomo yanaendaje, nikamjibu yanaenda poa. Sikuona kama huo ni uongo mkubwa. Nilikuwa najificha tu kidogo, mpaka mambo yanyooke.

Ndiyo maana Odyssey ya Homer ilinigusa pabaya. Wengi wetu tunaijua kwa lile jitu la jicho moja, lakini jitu hilo ni sehemu ndogo tu. Wagiriki walikuwa na neno la safari ya kurudi nyumbani: nostos. Achilles alijua kwamba akibaki Troy atapata sifa isiyokufa, lakini nostos hataiona. Agamemnon alivuka bahari salama, akauawa kwao. Kwa washairi hawa, kuvuka bahari kulikuwa jambo moja, na kurudi jambo lingine.

Odysseus alikaa vitani miaka 10, kisha miaka 10 mingine njiani, saba kati yake kwa Calypso. Anafikishwa Ithaca katika kitabu cha 13 kati ya 24, tena akiwa usingizini. Mabaharia wanamlaza ufuoni na kwenda zao. Akiamka, haitambui nchi yake, maana Athena ameifunika kwa ukungu. Yaani yuko kwao tayari, na karibu nusu ya shairi bado!

Nusu hiyo ni ya mtu aliye nyumbani lakini hajarudi. Anavaa matambara ya ombaomba. Anamdanganya hata Athena, eti yeye ni mtu wa Krete. Mbwa wake Argos, mzee aliyejaa kupe, amelala kwenye samadi. Anamtambua, anatikisa mkia, anakufa. Odysseus anafuta chozi kwa siri. Yaya wake anamjua kwa kovu la mguu. Penelope naye anamtega kwa habari ya kitanda chao, kilichochongwa kwenye shina la mzeituni ambao mizizi yake ingali ardhini.

Wasomi wawili wa kale wa Alexandria, Aristophanes wa Byzantium na Aristarchus, walisema shairi linafika kikomo chake wawili hao wanapoingia kitandani. Kwa heshima zote, nakataa. Tungemwacha baba yake shambani.

Mzee Laertes analimia mche, nguo zake viraka vitupu. Waliokuwa wakimgombania Penelope wameshauawa. Bado Odysseus anajifanya mgeni! Hapo nilikasirika, kisha nikaona aibu. Nadhani uongo ulikuwa umeshamzoea. Mzee anachota vumbi kwa mikono miwili na kujimwagia kichwani, ndipo mwanawe anashindwa kuvumilia na kusema ni mimi.

Laertes anataka ushahidi. Odysseus anamwonyesha kovu, halafu anamhesabia miti aliyopewa utotoni akimfuata baba shambani: mipea 13, mitufaha 10, mitini 40, safu 50 za mizabibu. Magoti ya mzee yanalegea.

Mimi nilimwambia wangu mwezi wa tano, tukipalilia mahindi. Hakusema kitu. Alimaliza mstari wake wote, akasimama, akaegemea jembe, akaniuliza karo ya muhula ule ilienda wapi.