Flashi, Basi na Mnyoo wa Kompyuta

Wengi wetu tunadhani virusi vya kompyuta vilikuja na intaneti. Si kweli. Brain, virusi vya mwanzo kabisa kusambaa kwenye PC, viliandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, vikasafiri kwa diski za flopi. Mtu alibeba ugonjwa mfukoni bila kujua.

Kisha wakaja minyoo. Virusi husubiri binadamu afungue faili. Mnyoo hujitembeza wenyewe. Novemba 2, 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachia mnyoo uliokadiriwa kuambukiza kompyuta 6,000, kama moja ya kumi ya intaneti ya wakati ule. Januari 25, 2003 ukaja Slammer. Ulikuwa na baiti 376 tu, mfupi kuliko aya hii, lakini ndani ya dakika 10 ulishafikia asilimia 90 ya mashine zilizokuwa na tundu uliloliwinda.

Sasa njoo kwetu Nyanda za Juu Kusini. Kabla mkongo wa SEACOM haujaanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya mwendo wa kobe. Ungedhani ukobe huo ungetukinga. Wapi! Conficker, ulioibuka Novemba 2008, haukuchelewa kujifunza kupanda flashi, na Windows za wakati ule ziliifungua flashi zenyewe ukishaichomeka.

Na flashi ndiyo ilikuwa posta yetu. Kazi ilichapwa hosteli Iringa, ikaprintiwa steshenari, ikapanda basi kupitia Mafinga na Makambako, ikachomekwa kafe Mbeya. Kiraka cha Microsoft kilikuwepo tangu Oktoba 2008, kabla ya mnyoo wenyewe, ila kukipata kulihitaji intaneti. Ugonjwa ulipanda basi. Dawa ilingoja mtandao.

Mwaka 2011 Microsoft ilifunga mlango ule wa flashi, lakini virusi vingine viliendelea. Nikiwa chuo, folda zote za mwenzangu ziligeuka shotkati. Fundi wa steshenari akamwambia, "Fomati tu." Akafomati utafiti wa mwaka mzima. Kumbe virusi vya aina ile huficha tu mafaili. Kazi yake ilikuwemo mle mle.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiambiwa ufomati, uliza kwanza: mafaili yamefutwa, au yamefichwa?