Likoni 1997: Miezi Minne Kabla ya Kura

Ndugu msomaji, usidhani fujo za uchaguzi huanza siku ya kura. Usiku wa Agosti 13, 1997, kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha pale feri. Askari sita waliuawa, bunduki zikaibwa. Kisha wakageukia nyumba na vibanda vya "watu wa bara". Walikufa watu kama 100, na karibu 100,000 wakahama makwao.

Hao vijana ni kina nani? Wengi Wadigo, Waislamu kama mimi na wewe, waliolishwa kiapo katika misitu ya Kwale. Malalamiko yao ya ardhi na kazi yalikuwa ya kweli, tusidanganyane. Lakini kuna waliofaidika: wengi waliofukuzwa walitarajiwa kuupigia kura upinzani. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza mambo haya, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002.

Kura ilipigwa Desemba 29, Ramadhan ikiwa mlangoni. Kufikia hapo polisi walikuwa wameshika mamia ya vijana, wenye hatia na wasio nayo. Na ile ardhi walioahidiwa? Hawakupewa.