Pacha dijitali katika usafiri

Pacha dijitali ni modeli ya kompyuta inayowakilisha kitu halisi, kama vile daraja, treni au barabara za mji mzima, na kupokea vipimo vya kitu hicho mara kwa mara ili ibadilike kila kinapobadilika. Modeli ya kawaida hubaki vilevile hata chuma cha daraja kikianza kuchoka. Katika usafiri, mapacha hayo hutumika kufuatilia hali ya miundombinu, kupanga matengenezo na kusimamia foleni.

Historia

Chanzo cha wazo hili mara nyingi huhusishwa na NASA. Mwaka 1970 tangi la oksijeni la Apollo 13 lililipuka chombo kikielekea Mwezini. Wahandisi walitumia vyombo vya mazoezi vilivyokuwa duniani kujaribu hatua za kuwarudisha wanaanga watatu, nao walirudi salama. Mwaka 2002 Michael Grieves wa Marekani alieleza wazo la pacha kwa ajili ya bidhaa za viwandani.

Utendaji

Vihisi hupima mtikisiko, joto, mkazo wa chuma, idadi ya magari au mahali treni ilipo. Programu hulinganisha vipimo hivyo na hali inayotarajiwa. Daraja likitikisika kupita kawaida, wahandisi hupewa tahadhari. Vilevile wasimamizi wa mji wanaweza kujaribu kwenye pacha kwanza kama kufunga barabara moja kutahamishia msongamano kwenye nyingine.

Mfano

Mnamo Julai 2021 daraja la waenda kwa miguu lilifunguliwa Amsterdam, Uholanzi. Lilijengwa kwa chuma cha pua kilichochapishwa na roboti za kampuni ya MX3D. Kwa kuwa chuma cha namna hiyo hakikuwahi kutumiwa kujengea daraja kama hilo, liliwekewa vihisi na kuundiwa pacha dijitali kwa ushirikiano na Taasisi ya Alan Turing ya Uingereza.

Mipaka

Pacha huonyesha yale tu yanayopimwa au kukadiriwa kutokana na vipimo. Ufa ulio mbali na vihisi unaweza kupitwa, na kihisi kibovu kinaweza kuonyesha usalama usiokuwepo. Kwa hiyo ukaguzi wa wahandisi kwenye eneo lenyewe bado unahitajika. Masuala mengine ni gharama, udukuzi, na faragha ya wasafiri ambao safari zao hurekodiwa.